Mashine Ilikuwa na Kelele

Mimi ni mwoga, na nimefika umri ambao sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa mtumbwi ukishakuwa mbali na ufukwe, naogopa nesi akitazama kadi yangu kisha akaenda kumwita mwenzake. Lakini woga hasa, ule wa kulala nao na kuamka nao, niliujua mwaka mmoja tu, na wiki iliyopita ulinirudia nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba kule Ipinda, kati ya migomba, nachambua mchele wa msiba. Baba mkwe wangu alikuwa amelazwa sebuleni ndani ya jeneza. Sisi wake wa watoto wake tulikuwa huku nyuma, mahali petu, na watu walipoanza kupanga mstari wa kuaga mwili hakuna aliyetuita. Ndipo akaja Tusekile, ambaye nilifanya naye kazi ujanani na sikuwa nimemtia machoni kwa miaka mingi. Amenenepa, na meno ya mbele ameweka mapya. Alichuchumaa, akaanza kuokota chuya kwenye ungo wangu kana kwamba tuliachana jana, akaninong'oneza: "Subi, leo mashine imezimwa. Hutaki kumwona hata leo?" Nilicheka. Katikati ya msiba, mimi mtu mzima, nilicheka kwa sauti, halafu kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakanishika mabega wakidhani ni uchungu wa mkwe. Uchungu nao ulikuwepo.

Kwa asiyetoka kwetu inabidi nieleze. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hamsalimii, hali naye, hapiti njia anayopita, hatamki jina lake. Akisikia amekohoa, anajificha. Na yeye mzee akijua mkwe yupo mbele, anakohoa makusudi na kugeuza uso pembeni ili kumsitiri. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, wengine wanapigiana simu na kutaniana, lakini nyumba niliyoolewa haikulegeza kitu. Siku yangu ya kwanza jikoni kwa mama mkwe, tukiwa tunamenya ndizi, aliniambia bila hata kuinua macho, "Ukimtazama usoni, tumbo lako ndilo litakalojibu." Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Mimba yangu ya kwanza ilitoka kabla hata haijaonekana, na ingawa sikuwa nimemtazama mtu yeyote, maneno yale yaliniingia kama mwiba na yakabaki humo. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na mimba ya pili. Sitaki mtu anicheke kwa hili. Ukishapoteza moja, unaamini kila unachoambiwa.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga chumba Kyela mjini, na nilikuwa nimepata kazi kwa Bwana Gondwe, mtu wa mpakani, nusu ya ukoo wake ikiwa Karonga, upande wa Malawi. Alikuwa amekodi ghala la zamani la kakao na kuligeuza karakana ya kuunganisha bodi za taa za sola. Harufu ya kakao iliyochachuka haikuwahi kutoka kwenye kuta zile. Mvua ikinyesha ilipanda upya mpaka nguo zetu zilinuka. Ndani kulikuwa na meza ndefu moja na nyingine ndogo ya kupimia, mtungi wa maji wa udongo wa Lyulilo pembeni umefunikwa sahani, na sisi wanawake tumepangana, kila mmoja na vikopo vyake vya vipuri mbele. Kazi yangu ilikuwa kapasita. Ni kidude kama kipande cha chaki kilichovalishwa plastiki, kina miguu miwili, mmoja mrefu na mwingine mfupi, na ubavuni kina mstari mweupe upande wa mguu mfupi. Unaipapasa kwa kidole bila kuangalia, unaujua mguu mrefu, unachomeka kwenye matundu yake, unapinda miguu kwa nyuma, unampa mwenzako. Ukiweka kinyume, bodi ikipewa umeme kapasita inavimba na kupasuka. Ilishatokea mara moja. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye bati, na Tusekile, ambaye ndiye aliyekuwa akipima bodi kwa betri ya gari, aliunguzwa nyusi moja. Alitembea na nyusi moja kwa muda, akiichora nyingine kwa wanja, na tulimcheka sana, lakini kila aliyemcheka alijua kwamba moto ungeshuka kidogo tu lingekuwa jicho.

Kisha Bwana Gondwe akaleta mashine. Aliivusha mto Songwe imeviringishwa blanketi, akaifunua mbele yetu kwa heshima zote. Ilikuwa bakuli la chuma lenye ngazi nyembamba inayozunguka ndani. Unamwaga kapasita kwenye bakuli, unawasha, bakuli linatetemeka, na zile kapasita zinaanza kupanda ngazi zenyewe, moja nyuma ya nyingine. Mimi nilirudi nyuma mpaka nikagonga mtungi. Juu kabisa palikuwa na kigeti. Iliyokuja imesimama vizuri ilipita. Iliyokuja kinyume iliangushwa chini ikaanze upya safari. Zilizopita zilikatwa miguu na kisu kidogo zikawa sawa, halafu zikateleza kwenye mfereji wa bati hadi mkononi mwa mchomekaji, yaani mimi. "Dada zangu," alisema Bwana Gondwe, "vidole vyenu vimechoka kutafuta. Kuanzia leo mashine inawalisha, nyie mnachomeka tu." Yeye aliiita fida, yaani mlishaji. Sisi tuliiita Bakuli. Kelele yake ilikuwa ya mfululizo, ya kukwaruza, ukitoka nje bado unaisikia kichwani. Na mchana ule ule, tukiwa barazani tunakula wali na usipa, dagaa wa ziwa letu, tulimsikia kupitia dirishani akiongea na simu: baada ya mashine hii ya kulisha ataleta ya kuchomeka, na hapo atabaki na watu wawili tu. Hakuna aliyemaliza usipa wake. Tulitazamana, kila mmoja akijitafuta kwenye wale wawili.

Mimi nilikuwa na jambo jingine la kunitisha, na sikulijua mpaka lilipokohoa mlangoni. Bwana Gondwe alihitaji mtu wa kulijaza na kulitunza Bakuli, na kwa kuwa alikuwa akinunua mchele Ipinda, alimkumbuka mzee mmoja aliyeendesha mashine ya kukoboa mpunga miaka mingi hadi mwenye mashine alipoiuza. Mtu aliyezoea vitu vinavyotetemeka na kumeza, alisema. Asubuhi moja nikasikia kikohozi nje, kikohozi nilichokijua kuliko sauti ya mume wangu. Nilivuta kitenge kichwani na kujitupa chini ya meza. Bodi tatu zilianguka nami. Nilisikia Bwana Gondwe akiuliza kama nina kifafa, na Tusekile akijibu kwa upole, "Hapana, bosi. Umemwajiri baba mkwe wake." Kisha ile sauti ya mlangoni, imegeukia barabarani, ikasema, "Mwambie bosi mimi nirudi nyumbani. Mkwe wangu ndiye aliyetangulia." Ilinichoma, maana nilijua kazi ile aliihitaji kama mimi. Bwana Gondwe alifoka, akazunguka chumba, akasema hii ni karakana, si ukumbi wa mila. Lakini naye alikuwa amelelewa na watu, na alijua kwao Karonga bibi zake walivyokuwa wakijificha. Mwisho alitoa jibu lake mwenyewe: tufunge pazia.

Basi ikafungwa kamba kutoka nguzo hadi nguzo, vikatundikwa vitenge viwili, na palipopita mfereji pakakatwa tundu. Upande ule, yeye na Bakuli. Upande huu, mimi na tumbo langu. Kapasita zilitoka kwake zikaja kwangu kupitia tundu lile mchana kutwa, na mara chache zilipokwama mkono wake uliingia kuzisukuma. Hivyo ndivyo nilivyomjua baba mkwe wangu: vidole vinene, kucha zilizokatwa mraba, pete ya kanisani. Nikiona vidole tu, mkono wangu unakwenda tumboni wenyewe. Kama alitaka kupita kwenda kwenye meza ya Tusekile, iliyokuwa upande wangu, alikohoa, nami nilitoka kwa mlango wa nyuma na kusimama kwenye matope mpaka akohoe tena. Saa ya chakula mimi nikiwa nje, yeye alikuwa na mtindo wa kuingia kumsaidia Tusekile kupima bodi zilizorundikana. Hakupenda kukaa bure.

Tatizo lilikuja na ule uzoefu wake wa mpunga. Mashine ya kukoboa hutaki ikauke mdomo. Unaijaza mpaka juu, na ikisita unaipigapiga ubavuni. Naye ndivyo alivyolitendea Bakuli. Alilijaza pomoni. Kapasita zikasukumana, za nyuma zikazibana za mbele, na pale kwenye kigeti zile zilizokuwa kinyume hazikupata nafasi ya kuanguka, zikapitishwa kwa nguvu. Zikifika kwangu miguu imeshakatwa iko sawa, kidole hakijui tena lolote, umebaki mstari mweupe tu wa kunionya. Nilikuwa nazigeuza moja moja huku zinaendelea kushuka, jasho likinitoka, nikiogopa nimeruka moja. Na siwezi kumwambia. Yuko umbali wa mkono, nasikia anavyopumua, na siwezi kumwita baba, kusema, "Tata, punguza." Nilimwambia Tusekile amwambie. Lakini ujumbe wa mkwe haupelekwi mkavu, lazima ulainishwe, na Tusekile alilelewa vizuri. Nilisikia mwenyewe akisema upande wa pili, akisalimia kwanza na kuipandisha sauti juu ya kelele: "Mugonile, Tata. Mkwe anashukuru sana kwa kazi. Anasema mkono wenu ni mwepesi, kapasita zinamfikia vizuri, labda Bakuli nalo lingepumzishwa kidogo." Mzee naye akashukuru, "Ndaga, ndaga fijo," na kwa furaha ya kushukuriwa akaongeza kopo zima. Nilitamani kulia. Jioni nilimweleza mume wangu akamweleze baba yake. Akasema, "Nikamwambie baba hajui kazi?" akageukia ukutani. Bwana Gondwe alikuwa Kasumulu mpakani na mambo yake, na akiwa karakanani alitazama tu jinsi kapasita zinavyoteremka kwa wingi akasugua viganja.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi nilikuwa kliniki. Miguu ilikuwa imevimba na nesi aliniambia nipumzike, jambo ambalo manesi husema kana kwamba mtu amekataa. Tusekile alikalia kiti changu nusu siku, akachomeka kapasita kama zilivyokuja, kwa kuwa ndiyo ahadi ya mashine. Nilipofika umeme ulikuwa umekatika. Bakuli lilikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa mkubwa hivi kwamba tulisikia kuku wa jirani. Wenzangu walitoka barazani kula. Kulikuwa na mbalaga, ndizi zilizopikwa zikalainika na nyama kidogo, nakumbuka harufu. Mimi sikuweza hata kusimama. Nililaza kichwa mezani upande wangu wa pazia na usingizi ukanichukua hapo hapo. Bila shaka alikohoa mlangoni. Naamini alikohoa, hakuwa mtu wa kusahau. Mimi sikusikia, na yeye kwa kutosikia mtu akitoka akajua nimeshatoka.

Nilifumbua macho nikaona mikono yake. Haikuwa kwenye tundu la pazia. Ilikuwa kwenye meza ya kupimia, mbele yangu kabisa, hakuna kitenge kati yetu, na mkono mmoja ulikuwa unafunga klipu ya betri kwenye bodi. Niliinamisha macho haraka, na macho yalipoinama yakaangukia kwenye ile bodi. Kapasita kubwa ilikuwa na mstari mweupe upande usiokuwa wake. Swichi ikalia. Taa haikuwaka. Niliona kivuli cha kichwa chake kikishuka juu ya bodi, kinashuka zaidi, kama mtu anayetafuta sindano, na nikajua ameinamisha uso wake wote pale kuangalia kwa nini haiwaki. Hakuna mtu wa tatu chumbani. Hakuna wa kumwambia amwambie. Niliweka mikono yote miwili tumboni, nikamwomba Mungu amlete Tusekile, na Tusekile hakuja, nikamsikia nje akicheka na kijiko kikigonga sufuria. Nataka niseme ukweli wa woga ule: haikuwa kwamba nawaza. Niliona tu mambo mawili, jicho lake na mtoto wangu, na niliona kwamba mmoja wao anaondoka kwa sababu yangu.

Nikaita, "Tata!" Nikainua uso nikamtazama.

Alinitazama. Alikuwa amepandisha miwani kwenye paji la uso, mdomo wazi, ana mwanya meno ya mbele, na macho yake yalikuwa na woga sawasawa na wangu. Halafu akafanya kile ambacho baba mkwe yeyote aliyelelewa angefanya mkwe wake akimwona: aligeuza uso ukutani na kuufunika kwa mkono. Hakuielewa kapasita. Aliona haya tu, kwa niaba yangu na yake. Na hapo ikapasuka. Kifuniko chake kilipiga mkono uliokuwa umefunika uso, kikaacha kidonda juu ya kiwiko, na vipande vya karatasi nyeupe vikaelea hewani na harufu mbaya ya kuungua. Mimi nilikuwa nimeshavuta kitenge mpaka kidevuni. Nilisikia hatua zake zikitoka kinyumenyume, polepole, bila kugonga kitu.

Tusekile alikuja mbio na sahani mkononi. "Nini tena?" Mzee alikuwa mlangoni, ametupa mgongo. "Kidude kimepasuka, mwanangu. Nilikuwa peke yangu humu."

"Peke yako, Tata?"

"Peke yangu. Na kama kuna mtu aliita, mimi sikusikia. Mashine ilikuwa na kelele."

Tusekile aliligeukia Bakuli, lililokuwa kimya tangu umeme ulipokatika. Akanitazama mimi, kifurushi cha kitenge kinachotetemeka. "Ee, Tata," akasema. "Ina kelele mno ile." Kisha akaenda kutafuta maji ya baridi ya kumwagia kile kidonda.

Ningependa kusema kwamba woga uliishia pale. Ulianza upya. Maneno yake yalinisitiri mbele ya watu, lakini tumbo halidanganyiki, nilijiambia, tumbo lilikuwepo na lilisikia. Kila mara mtoto alipotulia kidogo nililala ubavu wa kushoto, nikanywa maji ya baridi, nikamgusagusa hadi acheze. Kazini mambo yalibadilika bila neno. Bakuli halikujazwa tena. Alitia kiganja kimoja kimoja, na kapasita zikaja kwa nafasi, zimesimama sawa. Mpaka siku moja kapasita ya kinyume ilipopita, niligonga mfereji kwa msumari, mara mbili, nikaogopa kwa nilichofanya. Upande wa pili mkono ukazima swichi, ukachota kapasita za juu, ukawasha tena. Kugonga si kusema. Tuliendelea hivyo hadi nilipokwenda kujifungua, na Bwana Gondwe, aliporudi na kuona tunavyogongeana, alidhani ni utaratibu wa kiufundi akaamuru meza zote ziwe na msumari. Ile mashine ya kuchomeka haikuja kamwe. Baadaye taa zilizokamilika zikaanza kuingia kutoka nje kwa bei ya kutupa, karakana ikafungwa, na Tusekile ananiambia Bakuli siku hizi liko dukani Ipinda, linawekewa misumari ya mabati.

Mtoto alitoka analia, mzima, msichana. Sikuamini mpaka nilipomhesabu vidole mara kadhaa. Kwetu babu ndiye anayetoa jina, na jina likaletwa na mama mkwe pamoja na kuku na mkungu wa ndizi: Tupokigwe, tumeokolewa. Watu walisema ni jina zuri la kanisani. Mama mkwe alinitazama kwa muda zaidi ya kawaida, kisha akaenda kuchinja yule kuku. Mimi nilimfunika mtoto uso kwa khanga nikalia humo ndani.

Wiki iliyopita Tupokigwe alitoka kwenye mstari wa kuaga akaja kutufuata kwenye migomba, macho mekundu. Amekuwa mrefu, na akiongea mwanya wake unaonekana, ule ule, kila siku ya maisha yake mbele yangu. Alikaa kwenye kigoda akaegemea goti langu. "Mama, hivi wewe uso wa babu unaujua?"

"Sijawahi kumwona."

"Hata siku moja? Na mlifanya kazi chumba kimoja!"

"Palikuwa na pazia," nikamwambia. "Na mashine ilikuwa na kelele."

Tusekile hakuinua kichwa kwenye ungo. "Mno," akasema, akatupa chuya pembeni.